Nani Ataongea Naye Wakati wa Mapumziko?

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto viziwi na wenye usikivu hafifu

Wazazi wenzangu, walezi, walimu, na ninyi vijana viziwi mliokubali kuja kukaa nasi, nawasalimu nyote. Kabla sijaanza, namwomba mkalimani wetu asogee hatua mbili kutoka dirishani. Mwanga ukiwa mgongoni kwake, uso unakuwa giza na wanaomtegemea hawaoni kitu. Hapo sawa, ahsante. Na nikianza kukimbia, ninyanyulie mkono.

Mimi si mtaalamu wa masikio, wala sikusomea ualimu. Ni mama wa binti kiziwi ambaye sasa ni mtu mzima, na katika miaka yake ya shule tulimhamisha mara mbili. Nitasema yale ambayo ningependa mtu aniambie siku ile nilipokuwa nimekaa na karatasi ya vipimo mkononi, nisijue hata inasomwaje.

Nianze na daftari.

Shule yake ya kwanza ilikuwa ya watoto wanaosikia. Ilikuwa safi, walimu wapole, na mkuu wa shule alituambia maneno tuliyotaka kuyasikia: "Msiwe na wasiwasi, tutamketisha mbele." Kweli walimketisha mbele. Kila jioni nikifungua daftari lake moyo ulitulia. Mwandiko umenyooka, hakuna kufutafuta, vyema zimejaa ukurasa mzima. Niliwaonyesha hadi majirani. Akiwa darasa la pili, jioni moja nilimwekea kidole kwenye neno "kikombe", ambalo siku hiyo alikuwa ameliandika mara tano, nikamfanyia uso wa kuuliza: hii ni nini? Akaniangalia. Akaliangalia neno. Akachukua penseli akaliandika mara ya sita, zuri kuliko yale matano, kisha akanisogezea daftari nimwekee vyema. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa pale mezani, hata mkono hauhitaji kunyooka kukifikia.

Miaka miwili mtoto wangu alikuwa hasomi. Alikuwa anachora maandishi. Na hakuna aliyetudanganya kwa makusudi. Mwalimu alikuwa na watoto wengi, akaona mmoja mtulivu, kazi zake safi, anaitikia kwa kichwa kila anapoulizwa. Mtoto kiziwi aliye peke yake hujifunza mapema sana kuitikia kwa kichwa, kwa kuwa ndiyo ni jibu linalomaliza maswali. Kwa hiyo mkitembelea shule mkamsikia mwalimu akiuliza "mmeelewa?" na vichwa vyote vikaitikia, bado hamjajua chochote. Subirini mwone kama atauliza "nimesema nini?" na kama atangoja jibu.

Tangu jioni ile nina swali moja ninalolitanguliza mbele ya majengo, ada, matokeo ya mitihani na jina la shule. Mtoto huyu ataongea na nani? Darasani, ndiyo, lakini zaidi sana kengele ikishalia na watoto wakatoka nje. Mtoto anayesikia huokota lugha bila kufundishwa: wakubwa wanabishana chumba cha pili, wenzake wanataniana, redio inazungumza yenyewe, na yeye anaokota tu. Mtoto kiziwi hawezi kuokota kisichomfikia. Asipokuwa na watu wa kuongea nao tangu asubuhi hadi jioni, kwa lugha anayoipata nzima bila mapengo, masomo yote yatakuwa ni kile kikombe cha mara sita.

Kuna jambo lililotokea Nikaragua ambalo nikilikumbuka hunipa nguvu. Hadi miaka ya 1970 viziwi wengi wa nchi ile walikuwa wakikaa majumbani, kila mmoja na ishara zake chache alizozoeana na watu wa nyumbani kwao. Mwaka 1977 ikafunguliwa shule ya elimu maalumu jijini Managua, ikapokea watoto viziwi wapatao 50. Mwaka 1980 ikafuata shule ya ufundi kwa vijana, na kufikia 1983 shule hizo mbili zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Darasani walimu walikuwa wakiwafundisha kusoma midomo na kutamka Kihispania, na walifanikiwa kidogo mno. Lakini uwanjani na ndani ya basi la shule watoto walikuwa wakiunganisha ishara za huyu na za yule. Wadogo waliokuja nyuma yao wakazikuta, wakazipanga, wakazitia sarufi. Ikafika mahali walimu hawaelewi wanafunzi wao wanasemezana nini. Mwaka 1986 akaja mtaalamu wa isimu kutoka Marekani, Judy Kegl, na alichokikuta ni lugha mpya yenye kanuni zake, ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Walichokuwa nacho watoto wale ni wenzao wengi, mahali pamoja, na muda wa kucheza.

Ndiyo maana nikifika shule yoyote naomba nibaki hadi mapumziko. Darasa linaweza kuandaliwa kwa ajili ya mgeni, lakini uwanja hauandaliki. Nilipokwenda kumtazama binti yangu katika ile shule ya kwanza, nilisimama mbali asinione. Wenzake walikuwa wanacheza mchezo wa kukimbizana. Wakikimbia, anakimbia, wakisimama, anasimama. Ila sheria za mchezo zilikuwa zinabadilika kwa mdomo kila baada ya dakika mbili, kama ilivyo kwa watoto, na yeye kila badiliko alilifikia likiwa limeshapita. Mwishowe akaenda kusimama karibu na bomba la maji akawa anawatazama. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yake, hapa hakai tena.

Sasa niseme na wazazi wa watoto wenye usikivu hafifu, kwa sababu nikiwaacha mwishoni nitawasahau, kama wanavyosahauliwa siku zote. Mtoto wenu anaongea. Ukimwita anageuka. Basi watu wanasema anasikia, na akikosea wanasema ni mkaidi. Hebu fikirini maneno haya mawili: "ufute ubao" na "usifute ubao". Kinachoyatenganisha ni kile ki-silabi "si", na sauti ya s ni nyembamba, hafifu, miongoni mwa zinazotangulia kupotea kwa watoto ambao masikio yao yamepungua upande wa sauti nyembamba za juu. Irabu zina nguvu, hizo anazipata. Zinamfikia "u, i, u, e", zilizobaki anakisia, anafuta ubao, anaadhibiwa. Lugha yetu imeweka ndiyo na hapana kwenye silabi ndogondogo za mwanzo wa kitenzi: anataka, hataki, uende, usiende. Mtoto anayezikosa silabi hizo anaweza kushika kinyume kabisa cha alichoambiwa, na aliyemwambia asijue.

Wala kusoma midomo kusiwape imani kupita kiasi. Leo usiku simameni mbele ya kioo mseme bila sauti: mama, baba, papa. Mtaona midomo inafanya kitu kilekile mara tatu. Sauti za k, g na h hutokea huko nyuma, hazionekani kabisa. Anayesoma midomo hukisia zaidi ya anavyosoma, na kukisia kunachosha. Yule mtoto anayerudi kutoka shuleni hoi, mkali, hataki kuulizwa neno, msimwahi kwa kumkemea. Amekuwa kazini tangu asubuhi.

Kwa mtoto wa namna hii, chunguzeni sauti ya mahali penyewe. Pasipo mwangwi, sauti hupungua takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo mwalimu aliye mita 4 amepoteza kama desibeli 12 ukilinganisha na aliye mita 1. Kuta tupu na sakafu ngumu nazo hurudisha mwangwi unaofunika maneno. Viwango vya Marekani kwa madarasa ya kawaida vinataka kelele ya darasa likiwa tupu isipite desibeli 35. Ninyi hamhitaji kipimo. Ingieni darasani, nyamazeni dakika moja, msikilize: feni, barabara, darasa la jirani wanaoitikia kwa pamoja. Halafu ulizeni kama kuna ile maikrofoni ndogo anayoivaa mwalimu kifuani, inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye shimesikio la mtoto, kile kifaa cha kumsaidia kusikia. Ikiwa ipo, nani anaichaji? Na mwanafunzi mwingine akijibu swali, mwalimu humpa aongee nayo, au mtoto wenu anasikia maswali tu bila majibu?

Kuna swali dogo zaidi ambalo limenifundisha mengi kuhusu shule: asubuhi, nani anahakikisha kifaa kinafanya kazi? Lipo jaribio alilolibuni Daniel Ling, mtaalamu wa elimu ya watoto viziwi, ambalo mwalimu aliyelizoea hulimaliza kwa dakika chache tu. Anaziba mdomo usionekane, anatamka sauti sita, moja moja: m, u, a, i, sh, s. Mtoto anarudia kila anayoisikia. Jana alizipata zote, leo amepata nne. Basi kuna kitu: betri imeisha, au kile kikombe cha plastiki kinachoingia sikioni kimekuwa kidogo maana mtoto amekua, au sikio lina uchafu. Pasipo na mtu wa kujaribu, mtoto anaweza kumaliza wiki nzima na kifaa kilichokufa, kimening'inia sikioni kama hereni. Jaribio hilohilo linamfaa aliyepandikizwa kifaa cha koklea, kile kinachowekwa sikioni kwa upasuaji. Na hapo niseme wazi: kifaa hicho ni msaada mkubwa, lakini kinataka miaka ya mazoezi, na sehemu yake ya nje ikivuliwa usiku au wakati wa kuogelea mtoto ni kiziwi kama alivyokuwa. Mwalimu akiwaambia "huyu kapandikizwa, hahitaji kitu tena", ageni mwondoke.

Baba mmoja alinikamata mlangoni wakati naingia. Ameniuliza: nikimpeleka shule ya lugha ya alama, sitakuwa nimemfunga ulimi asiongee milele? Baba yangu, naheshimu swali lako, nami nililiuliza. Lina umri mrefu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakapiga kura kwamba kufundisha kwa mdomo ni bora kuliko kufundisha kwa alama. Waliopiga kura karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Baada ya hapo shule nyingi za Ulaya na Marekani zikaziondoa alama darasani, walimu viziwi wakakosa kazi, na watoto wakaadhibiwa kwa kuongea na mikono yao. Mwaka 1960 ndipo William Stokoe, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha viziwi cha Gallaudet, alipochapisha utafiti ulioonyesha kwamba alama za viziwi wa Marekani ni lugha yenye muundo wake kamili. Na mwaka 2010 kongamano lile la kimataifa la elimu ya viziwi, likikutana Vancouver, Kanada, likayakataa maazimio ya Milan na kueleza majuto kwa madhara yake. Ni miaka 130. Hebu hesabuni vizazi vya watoto vilivyopita humo.

Jibu langu kwako ni hili: lugha moja haimpokonyi mtoto lugha nyingine. Binti yangu alianza kusoma na kuelewa baada ya kupata alama, kwa sababu sasa neno "kikombe" lilikuwa na mahali pa kukaa kichwani mwake. Mwenye sauti ya kutamka atatamka. Na asiyeweza kutamka hatakaa kimya akingoja ulimi ambao huenda usije.

Aina za shule mnazijua. Kuna shule za viziwi, za kutwa na za bweni. Kuna shule za kawaida zenye kitengo cha viziwi. Na kuna zile ambamo mtoto wako atakuwa kiziwi peke yake, akiwa na mkalimani au bila. Siwezi kuwachagulia. Shule ya pili tuliyompeleka binti yangu ilikuwa ya viziwi watupu, tukafikiri tumefika, kumbe walimu wake wengi walijua alama chache za kuamrisha: kaa, andika, nyamaza, kula. Watoto walikuwa na lugha bwenini, darasani wakawa bubu. Upande mwingine nimeona kitengo cha watoto tisa ndani ya shule ya kawaida, ambako hata wanaosikia walikuwa wakinong'onezana kwa mikono wakati wa mtihani. Kwa hiyo jina la aina lisiwapumbaze, na neno "jumuishi", yaani watoto wote pamoja, likibandikwa getini lisiwapumbaze pia.

Mkalimani nimemtaja, nisimpite. Mkalimani humtafsiria mtu ambaye tayari ana lugha. Mtoto wa miaka sita asiye na alama wala maneno, ukimwekea mkalimani mbele yake, umemwekea mtu anayepunga mikono. Apate lugha kwanza, kutoka kwa watoto wenzake na kwa watu wazima wanaoijua.

Na msiende mkiwa wanyonge kama waombaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara ya 24 unataka elimu iwe jumuishi, na hapohapo unataka viziwi wawezeshwe kujifunza lugha ya alama, watoto wafundishwe kwa lugha na njia zinazomfaa kila mmoja, na waajiriwe walimu wanaoijua lugha hiyo, wakiwamo walimu wenye ulemavu.

Hilo la mwisho ndilo lililobadilisha nyumba yangu.

Tulipofika shule ya tatu, mlinzi wa getini alimsalimia binti yangu kwa mikono kabla hajanisalimu mimi. Akamwuliza jina lake la alama. Hakuwa nalo. Mlinzi akamwita msichana mmoja mkubwa aliyekuwa anapita, naye akainama, akamtazama binti yangu usoni kwa makini, akamfanya acheke, akaona kishimo cha shavuni. Akaweka ncha ya kidole shavuni pake mwenyewe akakizungusha, halafu akamwonyesha: wewe ndiye huyu. Binti yangu alirudia alama ile njia nzima hadi ofisini. Alikuwa na umri wa miaka minane, na hilo lilikuwa jina la kwanza lililomfikia lote. Mimi nilikuwa nimebeba karatasi yenye maswali kumi na saba ya kumwuliza mkuu wa shule. Niliuliza matatu.

Mwaka uleule, alama zetu za nyumbani zikiwa bado changa, aliniuliza: nikiwa mkubwa, nitasikia? Ilinichukua muda kuelewa alikotoa wazo hilo. Watu wazima wote wa maisha yake walikuwa wanasikia. Watoto kama yeye alikuwa amewaona, lakini hajawahi kumwona kiziwi mwenye mvi. Akili yake ikampa majibu mawili tu, kwamba utasikia ukikua au hutakua. Aliyemtoa kwenye hofu hiyo ni mwalimu wake wa hisabati, kiziwi, mwenye mke na watoto, ambaye hakuwahi kumtolea mahubiri yoyote. Alikuwapo tu, kila siku, akisahihisha madaftari. Kwa hiyo ulizeni kila shule: viziwi wangapi wameajiriwa hapa, na wanafanya kazi gani? Ikiwa wapo kwenye kufagia na kupika tu, mmeshaona shule inamtarajia mtoto wenu afike wapi.

Ombeni pia madaftari ya madarasa ya juu, yale ya insha. Kazi ya kunakili mmeshajua inavyodanganya. Tafuteni ukurasa wenye makosa, ambao mtoto amejaribu kusema kitu chake mwenyewe na sentensi ikapinda. Huo ndio ukurasa wa kufurahia.

Kuhusu bweni nitasema kwa uzito. Mtoto asiye na lugha hawezi kushtaki. Anayemdhuru analijua hilo. Ulizeni nani analala na watoto usiku na kama mtu huyo anajua alama. Ulizeni taa: usiku gizani mtoto kiziwi hana mdomo wala masikio, na moto ukitokea, king'ora cha sauti hakimwamshi, anahitaji taa ya kuwaka na kuzimika. Ulizeni akiumwa saa saba za usiku anamwendea nani na anasemaje. Mkijibiwa "hatujawahi kupata tatizo", ulizeni tena.

Na bweni lina jambo lingine ambalo haliko mikononi mwa shule. Watoto viziwi, zaidi ya 9 katika kila 10, huzaliwa na wazazi wanaosikia, kama mimi. Mtoto anakwenda shule, anapata lugha, anapata marafiki, likizo anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna anayeijua lugha yake. Anakula, anaoshwa nguo, anapapaswa kichwa, na hakuna anayemwambia kwa nini shangazi analia au kwa nini leo tunasafiri. Anakuwa mgeni kwao. Nimewaona wanaohesabu siku za likizo ziishe. Shule nzuri itawapa wazazi masomo ya alama. Ulizeni siku na saa, na mwende. Mimi nilianza na vidole vigumu kama vijiti, na mume wangu alianza mwaka mmoja nyuma yangu, na bado tunafanya makosa ambayo binti yetu anatusahihisha.

Wiki ya kwanza ya shule ile ya tatu, siku ya Ijumaa, alirudi nyumbani akasimama katikati ya sebule akaanza kueleza kitu. Mikono inakwenda mbio, macho yamemtoka. Kulikuwa na mbwa ndani yake, na mwalimu, na kiatu kilichopotea, nadhani, na mtu aliyeanguka. Sikuipata hata nusu. Nikamshika mikono, nikamwomba aanze tena polepole, na yeye, kwa mara ya kwanza, ndiye akawa anangoja mimi nielewe. Aliirudia mara nne.

Ahsanteni. Sasa ni zamu ya maswali. Wanaouliza kwa alama waje hapa mbele wote waonekane, na aliye karibu na swichi atuwashie taa.